Ukipata Mchumba, Programu Inahesabu Hasara

Leo naomba tuache kidogo habari za seva na hifadhidata, tuongee kuhusu mapenzi. Usishtuke. Tutarudi kwenye seva baada ya aya mbili tatu, kwa sababu siku hizi mapenzi ya vijana wengi yanapitia huko huko.

Miaka kadhaa iliyopita mimi na mwenzangu mmoja tulikaa hapa Machakos tukaamua kuandika programu ya kuwakutanisha vijana. Wazo lilikuwa rahisi: zile programu kubwa za kigeni zimetengenezewa miji mikubwa, basi na sisi tuandike ya kwetu, ya watu wa Masaku, kuanzia mjini mpaka Kangundo, Matuu na Masinga. Mchana tulifanya kazi za kutulisha, usiku tukaandika programu. Ikaanza kutumika na vijana wachache wa hapa mjini. Tukaweka na ukurasa wa takwimu, kama kila mtengenezaji wa programu anavyofanya: wangapi wamejiunga leo, wangapi wamerudi baada ya siku saba, wangapi wamepotea. Waliopotea tuliwapa rangi nyekundu.

Wiki moja tukaona watu wawili waliokuwa wakiingia kila siku wamekuwa wekundu kwa pamoja. Tulikuwa tumeshaandika kijiprogramu cha kuwarudisha watu wa namna hiyo, nacho kikafanya kazi yake bila kutuuliza. Kikawatumia ujumbe: "Kuna watu wapya karibu nawe!" Jioni yule kijana akatujibu kwa upole: "Ndugu zangu, mimi nimeshapata. Mbona mnanitafutia matatizo?"

Tulicheka sana. Halafu tukanyamaza. Tulikuwa tumejenga kitu ambacho mtu akifanikiwa kinamhesabu hasara, na kisha kinamfuata mpaka nyumbani kwake kumvuruga.

Programu yetu ilikufa baadaye, na sababu zake ni nyingi, nyingine ni uzembe wetu. Lakini ujumbe ule wa kijana haujanitoka akilini. Nikisikia watu wazima wakilaumu simu kwamba zimeharibu mapenzi ya vijana, au vijana wakisema programu hizi zimewafungulia dunia, natamani kuwauliza wote swali moja: je, mnajua zinapima nini? Maana kinachopimwa ndicho kinachokuzwa.

Hebu tuangalie ndani.

Tovuti za kutafuta wachumba si jambo jipya. Match.com ilianza 1995, OkCupid 2004, Badoo 2006. Zile za zamani zilikutaka ukae mbele ya kompyuta, ujaze maelezo, ujibu maswali, usome ya wenzako. Tinder ilipokuja mwaka 2012 ilipunguza yote yakabaki picha, jina, umri, umbali na maneno machache. Sukuma picha kulia ukimpenda, kushoto ukimkataa. Kwa jicho la mwandishi wa programu, huo ni werevu mkubwa. Swali moja, jibu la biti moja, ndiyo au hapana. Kila ukisukuma kidole umeandika data, na hujahisi kwamba umejaza fomu.

Kwa muda Tinder ilimpa kila mtumiaji alama iliyofanana na ile ya Elo inayotumika kupanga wachezaji wa sataranji. Ukipendwa na mtu mwenye alama kubwa, yako inapanda. Mwaka 2019 kampuni ilieleza kwamba imeachana na mtindo huo na kwamba inatazama zaidi kama mtu yuko mtandaoni na anafanya nini huko. Nataka uone ugumu wa jambo lenyewe: picha ya kwanza unayoonyeshwa jioni haikuja kwa bahati. Kuna mtu ofisini aliyeandika mpangilio, na mpangilio una lengo.

Sasa tuje kwenye umbali, maana hapa ndipo Machakos inapoingia.

Simu yako inajua latitudo na longitudo yako. Seva inachukua zako na za mwenzako, inapiga hesabu ya mstari ulionyooka juu ya uso wa dunia, basi. Haijui barabara, haijui matatu, haijui kwamba ni tarehe ishirini na saba na mfukoni hamna kitu. Ukikaa mjini Machakos ukaweka kilomita kumi, utawapata watu wa mjini, Mutituni na vitongoji vya karibu: uliosoma nao, binti wa mwalimu wako wa zamani, mtoto wa shangazi. Picha zinaisha kabla chai haijapoa. Kwa hiyo unafanya linalofanywa na kila mtu, unapanua duara. Ukifika sitini, sehemu kubwa ya Nairobi inamwagika ndani kwa mpigo.

Na ikishamwagika, habari imekwisha. Msichana wa Mwala au wa Kangundo yuko karibu nawe kuliko yule wa Westlands, lakini wa Westlands ni maelfu, wa Mwala ni wachache, tena huenda leo hawana bando. Mpangilio unaopenda walio mtandaoni utakuletea Nairobi, Nairobi, Nairobi. Hili si geni kwetu. Mji huu ulikuwa kituo cha utawala cha Waingereza kabla Nairobi haijawa mji. Reli ikapita mbali nasi, na mwaka 1899 makao yakahamia Nairobi. Leo simu inafanya kilichofanywa na reli. Safari hii inahamisha macho.

Matokeo yake ninayaona kwa rafiki zangu. Uhusiano unakuwa wa Jumamosi na wa meseji. Wiki nzima mnaandikiana, mwisho wa wiki mmoja anapanda gari. Nani anapanda? Nani analipa? Hapo ndipo ulipozaliwa utani wa nauli ambao kila Mkenya anaujua: kijana ametuma nauli kwa M-Pesa, mgeni hakufika, simu imezimwa. Tunacheka, lakini tazama vizuri. Watu wawili ambao hakuna anayemjua mwenzake wamekosa njia nyingine yoyote ya kupimana uaminifu, wakaamua kutumia shilingi mia tano. Kijana anajiona ameibiwa. Msichana naye pengine alifika mpaka steji akaogopa kupanda, na hofu yake si ya bure.

Kinachokosekana hapo ni mdhamini.

Kwetu Ukambani, mzee akisikia umempata mtu, swali lake la kwanza ni: yeye ni wa mbai gani? Mbai ni ukoo. Kuna Anzauni, Aombe, Atangwa, Amutei na wengine wengi, na kwa desturi watu wa mbai moja hawaoani. Vijana wengi huliona swali hili la kizamani. Mimi pia niliwahi kuliona hivyo. Tulipokuwa tunapanga programu yetu tulibishana kama tuweke sehemu ya kujaza mbai. Mwenzangu alisema itawafukuza vijana. Mimi nilisema bila hiyo tutawakutanisha watu ambao mwaka ujao wataambiwa na wazee ni kaka na dada. Hatukuiweka. Nilichokuja kuelewa baadaye ni kwamba swali la mbai hukagua undugu, na pia hufungua mlango: ukishalijibu, kuna mtu mahali fulani anayewajua watu wako, na anaweza kuulizwa.

Wale wawili wekundu walifika kwenye ntheo, zile mbuzi ambazo kwa desturi ya Wakamba hutolewa kwa wazazi wa msichana na ambazo bila hizo wazee hawahesabu ndoa. Nilialikwa. Katika mazungumzo mzee mmoja akauliza ni nani aliyewakutanisha watoto hawa. Yule kijana akanionyesha mimi. Nikaanza kueleza mambo ya programu na seva, mzee akanikatiza: "Basi wakigombana tutakuita wewe."

Nilitoka jasho. Ndipo nikajua nilikuwa nimefanya kazi ya mshenga bila kubeba mzigo wa mshenga. Mshenga akileta mtu mbaya, anaona aibu kijijini mwake. Programu ikileta mtu mbaya, inaleta mwingine.

Simaanishi turudi nyuma. Njia za zamani zilikuwa na mabaya yake. Mshenga alikuletea wale anaowajua yeye tu. Msichana mara nyingi aliulizwa mwisho, baada ya mbuzi kuhesabiwa. Mtu wa kabila lingine au dini nyingine hakuwamo kwenye orodha kabisa. Na vijana walikuwa wakitafuta milango ya pembeni siku zote: kulikuwa na kurasa za marafiki wa kalamu magazetini, kulikuwa na kadi za salamu redioni, mtu wa Machakos akimsalimu mtu wa Kakamega asiyemjua uso. Programu za leo ni watoto wa kadi zile. Mjane wa miaka thelathini na tano, ambaye hapa mjini kila mtu ameshamwamulia maisha yake, ana haki ya mlango wa pembeni. Mwalimu aliyepelekwa kufundisha mbali na kwao, asiyejua mtu, ana haki hiyo pia. Kwa hiyo anayewaambia vijana wafute programu zote hajafikiria ni nani anayeachwa peke yake.

Ninachodai ni kidogo zaidi: mlango usigeuzwe kuwa nyumba ya kukaa.

Wanaosoma kompyuta hufundishwa mapema kwamba algoriti nzuri ina mwisho. Kuna moja maarufu inayohusu jambo hili hasa. Mwaka 1962 David Gale na Lloyd Shapley walichapisha njia ya kuoanisha makundi mawili. Chukua wavulana watano na wasichana watano. Kila mmoja aandike orodha ya watu wa upande wa pili, kuanzia anayempenda zaidi. Kila mvulana aanze kwa kumwomba wa kwanza kwenye orodha yake. Msichana aliyeombwa na wengi amshikilie yule anayempenda zaidi kati yao, awakatae wengine. Aliyekataliwa aende kwa anayefuata kwenye orodha yake. Msichana akijiwa na mtu anayempenda kuliko aliyemshikilia, anaruhusiwa kubadilisha. Mkiendelea hivyo mtafika mahali hakuna aliyebaki, na wawili hao walithibitisha kwamba hapo hakutakuwa na watu wawili ambao wote wangependelea kuwaacha wenzao na kutoroka pamoja. Njia za jamii hiyo hutumika Marekani kuwapangia madaktari wapya hospitali, na mwaka 2012 Shapley alipata Tuzo ya Nobel ya uchumi pamoja na Alvin Roth.

Mambo mawili katika hesabu hiyo yananipendeza. La kwanza, upande unaoomba hupata matokeo bora kuliko upande unaosubiri kuombwa. Dada zangu, hiyo ni hisabati. Anza wewe kuandika ujumbe. La pili, na ndilo kubwa, inakoma. Orodha ina urefu, watu wana mwisho, kuna wakati wa kusema basi.

Programu ya simu haikomi. Hinge ilianza mwaka 2018 kutumia fikra za Gale na Shapley kukupendekezea mtu mmoja, na kaulimbiu yake inasema imetengenezwa ili ifutwe. Nawapongeza kwa kaulimbiu. Lakini Hinge, Tinder na OkCupid zote ni mali ya Match Group, kampuni iliyoko kwenye soko la hisa la Marekani tangu 2015, na kila robo mwaka kampuni hiyo huwaambia wenye hisa idadi ya wanaolipa. Mwenye hisa hafurahii kusikia kwamba wanaolipa wamepungua kwa sababu wameoana. Tarehe 14 Februari 2024, siku ya wapendanao, watu kadhaa waliishtaki kampuni hiyo kule California wakidai kwamba programu zake zimeundwa kuwafanya watu wawe kama wacheza kamari. Kampuni ilikanusha. Sihitaji hukumu ya mahakama kujua kilicho kwenye ukurasa wangu mwenyewe wa takwimu. Mimi sikuwa mtu mbaya, wala sikuwa na mwenye hisa hata mmoja, na bado niliwapaka rangi nyekundu watu waliopendana.

Duka lisilofungwa humfanya mnunuzi ajione hajanunua vizuri. Umekutana na mtu Jumamosi, mmeongea vizuri, ana kasoro moja, anacheka kwa sauti. Zamani ungemzoea. Sasa mfukoni una wengine mia ambao hujawasikia wakicheka. Wahenga walishasema mchagua nazi hupata koroma. Walisema hivyo wakiwa na mnazi mmoja mbele yao. Sisi tumepewa shamba lisilo na mpaka.

Kuna jambo la usalama pia, na hapa naomba tusifanye mzaha. Mwaka 2014 kampuni ya usalama ya Include Security ilionyesha kwamba Tinder ilikuwa ikitoa umbali kwa usahihi mno. Ukijua mtu yuko umbali gani kutoka mahali ulipo, unachora duara. Ukibadilisha mahali mara tatu una maduara matatu, na yanakutana kwenye nukta moja: nyumbani kwake. Hilo lilirekebishwa. Lakini mwaka 2024 watafiti wa Chuo Kikuu cha KU Leuven, Ubelgiji, walichunguza programu 15 wakakuta 6 bado zinaweza kufichua mtu alipo, zikiwamo Bumble, Badoo na Hinge, nazo zikachukua hatua baada ya kuarifiwa. Na hapa kwetu hata hesabu hiyo haihitajiki. Mji ni mdogo. "Kilomita 1" pamoja na rangi ya ukuta ulio nyuma yako kwenye picha vinatosha.

Januari 2024 wanawake waliuawa katika nyumba za kupangisha kwa siku jijini Nairobi, na tarehe 27 mwezi huo maelfu ya watu waliandamana nchini kupinga mauaji ya wanawake. Siku zile nilisikia wengi wakiuliza, "Alifuata nini huko?" Swali hilo ni baya. Anayepaswa kuulizwa ni muuaji. Na sisi tunaoandika programu tunapaswa kuulizwa letu: tulimpa yule mwanamke njia gani ya kujua anakwenda kukutana na nani? Tulimpa kitufe cha kutuma maua. Tulimpa kitufe cha kumjulisha dada yake yuko wapi?

Kwa hiyo nasema hivi kwa kijana wa Machakos, na wa kokote kule, ambaye yuko kwenye programu hizi.

Kwanza, weka mwisho. Jiambie: watu watano, kisha nafunga nikutane nao mmoja mmoja. Kuongea na ishirini kwa wakati mmoja si kutafuta, ni kuhudumia wateja.

Pili, punguza duara kabla ya kulipanua. Wa Kangundo utamwona Jumatano. Wa Westlands utamwona mwisho wa mwezi.

Tatu, tafuta mdhamini mapema. Mkutane mara ya kwanza mahali penye watu, mchana, kama pale People's Park, na mtu wako mmoja ajue uko na nani na unarudi saa ngapi. Kisha uliza yale ambayo programu haina pa kuyajaza: watu wako ni akina nani, unaishi kwa kazi gani, unataka kuishi wapi. Ndiyo, na mbai, hata kama wewe hujali, maana kuna mzee atakayejali.

Nne, ukipata, futa akaunti. Kuondoa programu kwenye simu hakufuti kitu. Picha zako zinabaki kwenye seva na huenda bado zinaonyeshwa kwa watu. Ingia, tafuta mahali pa kufuta akaunti, ndipo uiondoe. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inakupa haki ya kuomba data zako zifutwe. Na anayekutishia kusambaza picha zako za siri ajue kwamba Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandao ya 2018 inahesabu usambazaji huo kuwa kosa la jinai.

Kwa wenzangu mnaoandika programu, nina ombi moja tu. Fungueni ukurasa wenu wa takwimu. Watu wawili wakiondoka siku moja, baada ya kuandikiana mwezi mzima, waulizeni kwa upole kama wamepatana. Wakisema ndiyo, wahesabuni upande wa faida, muwape rangi ya kijani, na muwaache wakae kwa amani. Ni mstari mmoja wa programu. Mimi niliuandika nimechelewa, baada ya mzee kuniambia nitaitwa wakigombana.

Mpaka leo hawajaniita.